Bibi Harusi Aliyefika kwa Lori la Vitunguu

Port Sudan, 3 Mei 1997

Dada yangu Amna,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake. Sisi huku wazima. Madina mke wangu anakusalimu na anasema mguu umepoa. Siku hizi anatembea mpaka kwa muuza samaki na kurudi akiwa ameshagombana naye. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno, anauma kila mtu, hata mgeni hamwachi. Huko Kasala je? Vitunguu vimetoka? Yule mbuzi mweusi amezaa? Na Nafisa wetu bado anakula, au ameshaanza maringo ya bibi harusi?

Sasa sikiliza. Mzee Hadab, baba wa bwana harusi, ameniletea gereji Landkruza yao nyeupe, hiyo hiyo itakayokuja kumchukua Nafisa. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza hewa ya tanuri. Nikafungua wavu wa mbele, nikacheka peke yangu. Kondensa imeliwa na chumvi ya bahari mpaka ukiigusa inapukutika kama mkate mkavu. Najua utauliza kondensa ni mdudu gani. Ni ile kama rejeta nyembamba, inakaa mbele kabisa, nyuma tu ya wavu. Joto lote la ndani ya gari huletwa pale na gesi, upepo unalichukua, gesi inarudi baridi. Haitaki kitu ila upepo.

Nimezunguka mji mzima nikapata kondensa ya gari jingine. Nimekata vyuma vya kuishikia na kuvichomea upya mpaka imekaa kama ilizaliwa pale. Vipete vya mpira vipya, gesi mpya. Kilichopatikana nimetia, kisichopatikana nimemwachia Mungu. Jana nikamkalisha Mzee Hadab kiti cha mbele, jua la saa saba, vioo juu. Akajifunga shali. "We Ohaj, unataka kuniua kwa mafua?" Gereji nzima ilisikia, na mimi sikukataa wasikie.

Dada, baba yake Nafisa ametangulia mbele ya haki. Kwa upande wetu mwanamume watakayempima ni mimi. Na unawajua wakwe zetu, hawasemi, wanatazama tu. Basi mwanao atavuka jangwa lile kwenye ubaridi, hina yake isipate jasho, nao watasema: kumbe huyu binti ana mjomba.

Nduguyo,
Ohaj

*

Kasala, 19 Mei 1997

Ohaj, mwana wa mama,

Nakusalimu wewe na Madina na huyo mtoto wako mwenye meno. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Vitunguu vimejaa mpaka barabarani, bei hakuna. Mlima upo palepale.

Wamekuja, wamekula, wamecheza panga mpaka vumbi likaingia kwenye ugali wa asida. Mkwe wangu Tahir sikumwona, mama mkwe hamwoni mkwewe, na Mungu aniepushe nisimwone. Nimeona viatu vyake tu chini ya mkeka uliotundikwa kati yetu. Ni viatu vya mtu mtulivu. Nafisa nilimpaka mafuta na kumfukiza mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilikuwa nalia, nikausingizia moshi.

Gari lako, maana mimi naliita lako, liliwatoa watu nyumbani. Nimekaa ndani kidogo meno yakagongana. Wanawake wa mtaa wote walikuja kulitazama. Yule mke wa muuza makaa, unamjua, mwenye jicho lile, alisimama mbele ya gari akasema, "Hee, watu wa Amna wamefika mbali!" na mashallah hakusema. Basi nimefanya kila ambalo mama yetu angefanya. Zaidi ya hapo siandiki, barua hupita mikono mingi.

Wameondoka alfajiri. Nipe habari. Wamefika saa ngapi? Walimpokeaje? Hina ilikuwaje?

Dada yako,
Amna

*

Port Sudan, 28 Mei 1997

Dada Amna,

Salamu sana. Nimefurahi mno kusikia mbuzi amezaa mapacha. Waangalie na baridi ya alfajiri. Huku tumepata samaki wengi wiki hii, Madina anawakausha juu ya paa na paka wa mtaa wote wamehamia kwetu. Mtoto amepata homa ya meno lakini imekwisha. Joto limeanza, wenye uwezo wanapanda milimani Sinkat. Bei ya tangawizi imepanda, ukipata ya huko unitumie kidogo kwa ajili ya kahawa.

Nafisa amefika salama. Gari lilipata kasoro ndogo njiani, wakachelewa. Walimpokea.

Mwambie jirani yako fundi wa pampu kuwa ile mipira aliyoniagiza sijaipata bado.

Ohaj

*

Kasala, 15 Juni 1997

Ohaj,

Sisi hatujambo.

Kasoro ndogo? Unaniandikia mimi kurasa za paka na samaki, halafu kasoro ndogo? Nimesimama sokoni kununua chumvi, mwanamke aliyetoka Port Sudan ananiuliza, "Wewe si mama yake yule bibi harusi wa vitunguu?" Mbele za watu! Na msichana wake akaimba, eti huko kwenu watoto wote wanauimba:

Arusi kaja, tumelia,
si furaha, ni vitunguu.

Mwanangu niliyemfukiza siku arobaini ameingia kwa wakwe juu ya magunia ya lori, ananuka kama jiko la msikiti siku ya sadaka! Kwa nini? Kwa sababu mjomba wake alitia kondensa ya kuokoteza, ikaziba rejeta, gari likachemka katikati ya jangwa. Ndivyo wanavyosema. Nami nisemeje? Nimesema ndiyo, ndugu yangu ana mdomo mrefu kuliko mkono.

Ulijisifu, Ohaj. Tangu utotoni ulikuwa unajisifu. Ulisema mwanangu atavuka kwenye ubaridi. Ungenyamaza tungepanda basi kama watu wengine, na basi halimwaibishi mtu.

Tangawizi sina.

Amna

*

Port Sudan, 2 Agosti 1997

Dada yangu,

Nakusalimu kama unapokea salamu yangu. Nimeanza barua hii mara nyingi. Madina ndiye amenikalisha leo akasema andika, au nitaandika mimi, na unajua mwandiko wake.

Kweli sikukuandikia yaliyotokea. Niliona haya. Siku ile nilivaa kizibao changu kipya, nikasimama mbele kabisa mlangoni kwa akina Hadab ili gari likija wanione mimi kwanza. Ngoma zikapigwa mpaka wapigaji wakachoka. Jua likazama. Likaja lori. Nikawaambia watu wapishe njia, lori la mizigo hilo. Nafisa akateremshwa kutoka juu ya magunia, amefunikwa kitambaa chekundu kimechanika pembezoni, kina weusi kama wa moto, na hina yote imechuruzika. Akaanguka mikononi mwa wanawake. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Leteni na mizani." Wakacheka. Sikugeuka kumtazama ni nani, kwa sababu nilikuwa naogopa na mimi nitacheka.

Mzee Hadab hakunifokea. Angenifokea ningepona. Aliiburuta Landkruza mpaka mlangoni kwangu, akaiacha, akaenda zake. Mpaka leo hajaja kunywa kahawa yangu, wala watu wake hawaji. Na mimi kwenye vikao vya jabana, birika lao la kahawa, siendi. Wakinywa wananiangalia vidole.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Kwenye mfumo ule kuna kikopo cha kukausha unyevu wa gesi. Ukibadilisha kondensa unabadilisha na chenyewe, kila fundi anajua. Kipya sikukipata, harusi ilikuwa imekaribia, nikarudisha kikuukuu. Kikiziba, mgandamizo unapanda. Nadhani ndicho. Nililala nacho moyoni siku naandika kuwa kisichopatikana nimemwachia Mungu. Mungu hakuniomba nimwachie.

Gari sijalifungua. Napita kando yake kama mtu anayepita kwa anayemdai. Nafikiria kuuza vyombo vyangu vya ufundi nikabebe magunia bandarini. Mbebaji hakosei, gunia likianguka limeanguka.

Jambo moja tu nakuuliza. Lilipotoka kwako, lilikuwa linapuliza baridi?

Ohaj

*

Kasala, 20 Agosti 1997

Kwa ndugu yangu mpenzi Ohaj, pamoja na Madina, na watoto, na mama mkwe wako, na majirani zenu wa kulia na kushoto, nawasalimu nyote. Huku mto umefurika mwaka huu, maji yameingia mpaka kwenye zizi, tumewapandisha mbuzi juu ya kitanda. Wale mapacha wanaendelea vizuri. Mmoja nimempa jina lako kwa sababu hapati usingizi. Migomba imeanguka. Mke wa muuza makaa anaumwa mgongo, nimempelekea uji, maana ni jirani.

Ndiyo, lilikuwa linapuliza baridi.

Vyombo usiuze. Nakuomba kwa kichwa cha mama, usiuze. Mengine Mungu anayajua.

Amna

*

Port Sudan, 14 Septemba 1997

Dada Amna,

Hatujambo. Huyo mbuzi mwenye jina langu mfunge kamba fupi.

Baada ya barua yako nimelifungua gari. Nilianza na kikopo, nikakipasua kwa msumeno. Kilikuwa na unyevu lakini hakikuziba. Bomba la gesi lilipasuka kwa nguvu, joto halikuwa na pa kutokea. Nikaing'oa kondensa nikaiweka juani kwenye mkeka. Yale mabati yake membamba yalikuwa yameshika kitu, toka ncha mpaka ncha. Nikachukua koleo ndogo nikakitoa uzi kwa uzi. Madina alikuja kutazama, akaangalia, akaenda akarudi na beseni la maji.

Nimekwenda kwa Mzee Hadab. Nimemwambia kwamba nilirudisha kikopo kikuukuu, kosa ni langu, na nitalitengeneza gari upya. Alinisikiliza vizuri. Akaagiza kahawa. Kisha akasimama, akasema ana mtu wa kumwona, akaondoka kabla haijaiva. Nilibaki na vikombe mbele yangu na wanawake wa nyumba wakinichungulia, sikujua nisubiri au niondoke. Nikasubiri. Nikanywa peke yangu. Sijui kwa nini nilikunywa.

Nakutumia mfuko mdogo wa kitambaa kwa mkono wa dereva huyu. Ni chako. Madina amekipiga pasi. Usiniandikie lolote juu yake.

Ohaj

*

Kasala, 1 Oktoba 1997

Ohaj wangu,

Afadhali ungenitukana. Afadhali ungepanda basi ukaja kunipiga mbele ya mke wa muuza makaa.

Nilifungua mfuko nikidhani umenitumia samaki mkavu. Nikakuta nyuzi nyekundu na za dhahabu, zimeoshwa, zimepigwa pasi, zimefungwa na uzi mweupe kama nywele za marehemu. Nilikaa chini palepale mlangoni.

Hukutaka niandike. Nitaandika. Nilikitoa sandukuni kile kitambaa chekundu cha garmasisi cha mama, kile nilichofunikwa mimi, kile ulichofunikwa mabegani wewe siku ya harusi yako. Nikaona nyumba yangu inatazamwa na jicho baya, na gari lenyewe ndilo uso wa harusi, basi nikaufunika uso. Nilikitandaza juu ya wavu wa mbele, nikakishona kwa sindano ya magunia ili upepo wa njiani usikichukue. Nikajisifu hata. Nikasema sasa mwenye jicho na apasuke. Na barua yako ilikuwa chini ya mto wangu, imeandikwa kwa mkono wako: haitaki kitu ila upepo. Nilikuwa nimeisoma, Ohaj. Niliisoma kama mtu anavyosoma maneno ya fundi.

Kilipofika kile kisa cha lori, nilijua siku hiyohiyo. Sikujua kwa akili ya gari, nilijua tumboni. Na nikanyamaza. Nafisa ni mgeni katika nyumba ile. Mgeni hawezi kusimama akasema mama yangu ndiye aliyeua gari lenu. Nikaona bora walaumu fundi, mafundi wamezoea kulaumiwa. Nikaona wewe ni ndugu, utavumilia. Halafu ili moyo wangu usinisute nikakutukana kwa barua, nikakuambia una mdomo mrefu kuliko mkono. Mimi, niliyekuwa na sindano mkononi!

Nimekuuza, mwana wa mama. Na wewe ukaenda ukanilipia.

Nakuja. Mbuzi nimemwachia mke wa muuza makaa. Usije kituoni kunipokea, nitaona haya kukuona katikati ya watu.

Amna

*

Port Sudan, 9 Novemba 1997

Dada Amna,

Natumaini umefika salama na umewakuta mbuzi wazima. Madina anasema umesahau kitana chako, na kwamba hatakirudisha kwa sababu ni kizuri kuliko chake.

Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hapa siku zote zile tulizungumza habari za vitunguu tu, mimi na wewe, kama wachuuzi. Nilikuwa nakaa mbele yako maneno yamejaa, nakuuliza bei ya gunia.

Dada, siku ile uliyokwenda kwa akina Hadab, nilikuwepo. Hukuniona, nilikuwa upande wa wanaume, karibu na jabana. Nilisikia mkeka ukitikisika nikajua umekuja na kusimama nyuma yake. Wakati Tahir anajifunika uso kwa haya ya kusikia sauti ya mama mkwe, nilikuwa natazama miguu yako chini ya mkeka. Ukasema, "Mzee Hadab, na wewe mkwe wangu ambaye sijakuona wala sitakuona, gari lenu hakuliua ndugu yangu. Nililiziba pumzi mimi, kwa kitambaa cha mama yangu, kwa kuogopa jicho la jirani. Na nikamwacha yeye aaibike." Kahawa ilimwagika motoni bila mtu kuishika.

Ulikwisha kuondoka pale mkekani, hukusikia alivyosema Mzee. Alikohoa kwanza. Akasema, "Huyu mama anasema kosa ni lake. Ohaj alikuja akasema ni lake. Ukoo mzima unagombania kosa moja, sisi wengine tutapata wapi?" Watu wakacheka, lakini safari hii niliweza kugeuka kuwatazama. Kesho yake alikuja gereji na jabana yake mwenyewe. Kwetu mtu hasemi nimesamehe, unajua. Alikaa mpaka kikombe cha tatu.

Nimetia kondensa mpya na kikopo kipya. Hakuniambia nitie kikopo kipya, lakini cha kuokoteza nisingekuwa na amani nacho. Kosa langu lilikuwa langu hata kama halikuua gari. Ungeliacha kitambaa sandukuni, huenda kikopo kingeniaibisha baada ya mwezi.

Sasa lililonikalisha kuandika. Juzi Nafisa alikuja kuniletea chakula gereji. Akasimama mbele ya ile Landkruza, akaweka kiganja kwenye wavu. Akaniambia, "Mjomba, pale tulipofika njia panda ya Haiya dereva alisimama. Akaniuliza, bibi harusi, niondoe kitambaa hiki? Gari linakosa pumzi. Nikamwambia aliyekishona ni mama yangu, hakuna atakayekishonoa."

Nikamuuliza, "Na ulijua gari litaharibika?"

"Dereva aliniambia. Nikamwambia basi liharibike. Lilipozima nikakinyofoa mwenyewe, nikajifunika nacho."

"Miezi yote hii wanakuimbia vitunguu, mbona hukusema?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Ningesema nini, mjomba? Wangemwimba mama."

Naye dereva aliapishwa na bibi harusi, akauma ulimi. Ndiyo hivyo, dada. Mimi nilikuwa nakuficha wewe, wewe ulikuwa unamficha yeye, naye ametuficha sote tangu siku ya kwanza, na harufu ya vitunguu kichwani. Ameniomba nisikuambie, na nimekuambia. Nimechoka kunyamaza kwa heshima.

Na lingine, hili ameniruhusu: ana mimba. Anataka kile kitambaa ulichoondoka nacho, na nyuzi zile uzirudishie, mbaya mbaya hivyohivyo zilivyo. Ukija kumzalisha kilete. Safari hii tumfunike mtu.

Nduguyo,
Ohaj